Baba amezikwa, uzushi umebaki: hatua za kisheria unazoweza kuchukua

Ujumbe wa sauti ulikuwa wa dakika 3 na sekunde 8. Uliingia kwenye simu ya mdogo wangu usiku, kupitia kundi la ujumbe, siku ya 26 tangu tumzike baba, ukiwa na alama ya kwamba umeshafowadiwa mara nyingi. Sauti tuliitambua mara moja. Ni mtu aliyekaa nasi msibani, akamshika mama mkono, akampa pole. Sasa alikuwa anasema kwamba baba, aliyekuwa mweka hazina wa ushirika wa akiba na mikopo kwa miaka 9, "alikula pesa za watu mpaka zikamzidi," na kwamba hakufa kwa moyo bali alikunywa kitu kwa kuogopa ukaguzi. Mwishoni, kwa sauti ya chini kidogo, akaongeza: "Na mkewe anajua zilipo."

Nimekuwa karani kwenye ofisi ya mawakili kwa miaka 11. Nimepanga majalada ya kashfa, yaani kesi za watu waliochafuliwa jina, nimechapa hati za madai, nimewasindikiza wateja mahakamani. Lakini asubuhi ile nilifika kazini nikiwa mteja: macho yamevimba, simu mkononi, na neno moja tu mdomoni, nataka kumshtaki. Wakili ninayemfanyia kazi, mama mtu mzima aliyenifundisha kazi yote hii, alisikiliza ujumbe mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Kisha akasema: "Mwanangu, baba yako hawezi kushtaki tena, na wewe huwezi kushtaki kwa niaba yake. Hebu nirudishie sentensi ya mwisho."

Sentensi ya mwisho haikumhusu baba. Ilimhusu mama, na mama yu hai.

Ukiwa umefika hapa kwa sababu kuna mtu anamchafua marehemu wako, shika hilo kwanza. Katika nchi nyingi sheria haimlindi marehemu, inawalinda walio hai na mali aliyoiacha. Kwa hiyo usiishie kujiuliza wamesema nini juu yake. Jiuliza maneno hayo yamempiga nani ambaye bado anapumua.

Kabla ya kujibu, hifadhi

Mdogo wangu alikuwa ameshaandika jibu refu la matusi, kidole kiko juu ya kitufe. Nilimnyang'anya simu. Ukijibu kwa matusi, umempa mwenzako kesi yake mwenyewe dhidi yako. Pia umemshtua, na mtu aliyeshtuka hufuta.

Acha ujumbe wa sauti kwenye simu ulikoingia, na simu hiyo usiibadilishe wala kuifuta kumbukumbu, kwa sababu mahakama inaweza kutaka kuiona yenyewe. Weka nakala kwenye flashi na nyingine kwenye barua pepe. Piga skrinshoti zinazoonyesha jina la kundi, namba ya aliyetuma, tarehe, saa na idadi ya wanachama. Hiyo idadi watu wengi huisahau, kumbe ndiyo inayoonyesha maneno yamewafikia wangapi. Kama ni maandishi kwenye ukurasa wa intaneti, nakili anwani kamili na uchapishe ukurasa wote ukiwa na tarehe, maana maandishi hubadilishwa kimyakimya. Usikate wala kupunguza chochote. Wewe mwenyewe usiifowadi klipu hata kwa ndugu, hata kama ni kwa hasira ya kuwaonyesha.

Kisha andika maneno yote, neno kwa neno, kwa lugha ileile iliyotumika. Muhtasari hautoshi. Kama kesi itasikilizwa kwa lugha nyingine, tafsiri inakaa pembeni na maneno ya asili yanabaki pale pale. Usiku ule nilikaa na daftari nikirudisha klipu nyuma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwenye dakika ya 3 kasoro kidogo mimi nilisikia "mkewe." Mdogo wangu alisikia "wenzake." Kwa masikio ya kawaida ni tofauti ndogo. Kisheria ilikuwa kila kitu: ikiwa ni "wenzake," mama hana kesi kabisa, kwa sababu hajatajwa. Tulifanya hivi: watu watatu ambao hawakuwa wamezungumza na sisi juu ya jambo hilo walisikiliza kwa hedifoni, kila mmoja peke yake, wakaandika walichosikia. Wote watatu waliandika "mkewe." Zile karatasi tatu, zenye tarehe na sahihi, bado ninazo.

Uzushi wa mdomo mtupu ni mgumu zaidi, lakini haushindikani. Andika siku hiyohiyo nani alisema, wapi, mbele ya nani, na nani kati ya hao yuko tayari kuweka kiapo. Usirekodi mazungumzo ya mtu kwa siri kabla hujauliza sheria ya nchi yako inasemaje, maana kuna mahali kitendo hicho chenyewe ni kosa la jinai.

Usimsahau aliyesambaza. Wengi hujitetea kwa kusema, "Mimi nimetumiwa tu." Katika sheria ya kashfa, anayerudia maneno ya mwenzake anayachapisha upya, na anaweza kuwajibika kama aliyeyaanzisha. Ndiyo maana ile methali ya "lisemwalo lipo" inaniumiza ninapoisikia msibani. Mahakama haiipokei kama utetezi.

Kwa nini marehemu hana kesi

Katika nchi zilizorithi sheria ya Uingereza, kanuni ya zamani ni kwamba shauri la jina la mtu hufa na mwenyewe. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1934 iliyoruhusu madai mengi ya marehemu yapite kwa warithi, ila kashfa ikaachwa nje. Kenya ina kifungu cha namna hiyohiyo katika sheria yake ya marekebisho ya sheria, Sura ya 26. Jimbo la New South Wales nchini Australia liliandika waziwazi mwaka 2005 kwamba hakuna shauri la kashfa juu ya mtu aliyekufa, wala dhidi yake.

Kanuni hiyo hufanya kazi hata kesi ikiwa imeshafunguliwa. Helmut Kohl, chansela wa zamani wa Ujerumani, alipewa fidia ya euro milioni 1 na mahakama ya Cologne mwezi Aprili 2017 dhidi ya waandishi na mchapishaji wa kitabu kilichobeba maneno yaliyodaiwa kuwa yake, bila idhini yake. Akafariki Juni mwaka huohuo, kabla hukumu haijawa ya mwisho. Mjane wake aliendelea na madai, na mwaka 2021 mahakama ya juu ya shirikisho ikasema haki ya fidia ile hairithiwi. Kwa hiyo kama mzazi wako yu hai, mgonjwa, na tayari anachafuliwa, usiseme utasubiri apone. Nenda kwa wakili wiki hii.

Kama mtoto, kanuni hii iliniuma. Nimekuja kuelewa sababu yake. Bila kanuni hiyo, mjukuu wa kila mtawala mkatili angewafunga midomo wanahistoria. Mjukuu wa Stalin alijaribu: alilishtaki gazeti moja la Urusi kwa makala juu ya babu yake, akashindwa, akapeleka malalamiko Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, nayo ikayakataa. Ilisema mtu aliyeshika uongozi wa umma amejiweka wazi kuchunguzwa, na huyo ni tofauti na mtu wa kawaida ambaye jina lake ni sehemu ya familia yake.

Hapo kwenye "mtu wa kawaida" kuna mlango. Mahakama hiyohiyo, mwaka 2013, ilisikiliza shauri la mwana wa mchezaji wa mpira aliyecheza mechi maarufu ya Kyiv ya mwaka 1942, timu ya wenyeji dhidi ya timu ya Wajerumani waliokuwa wameukalia mji. Gazeti lilikuwa limeandika kwamba baadhi ya wachezaji walishirikiana na Gestapo, polisi wa siri wa utawala wa Nazi. Mahakama ilikubali kwamba kuchafuliwa kwa jina la mzazi aliyekufa kunaweza, katika mazingira fulani, kugusa maisha binafsi na utambulisho wa mtoto aliye hai. Lakini alishindwa, kwa sababu makala hayakumtaja baba yake kwa jina. Ona tena uzito wa kutajwa.

Maneno yamempiga nani aliye hai?

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Chukua karatasi uliyoandika maneno, pitia sentensi moja moja, na kwenye kila moja andika pembeni jina la mtu aliye hai ambaye msikilizaji wa kawaida angemfikiria.

"Alikula pesa za watu" ni juu ya baba peke yake. Hakuna kesi ya kashfa hapo. "Watoto wake wanasomeshwa kwa pesa hizo" imewagusa watoto, ingawa haisemi kwamba walijua, na wakili wa upande wa pili atalishika hilo. "Mkewe anajua zilipo" inamtuhumu mjane kwa kuficha mali ya wizi. "Alikufa kwa ugonjwa wa aibu" inaweza kumgusa mke kwa maana iliyojificha, kwamba naye anao. "Hakufa bure, kuna aliyemtilia kitu, na aliyepika alikuwa mmoja" haimtaji mtu, lakini kama kila msikilizaji anajua nani alikuwa anapika nyumbani mle, mtajwa anajulikana. Sheria haidai jina liandikwe, inadai mtu atambulike. Kwa upande wa pili, "ukoo ule wote ni wezi" kwa kawaida haimpi mtu yeyote kesi, kwa sababu kundi ni kubwa na hakuna mmoja aliyelengwa.

Tofauti nyingine inayowakwamisha wengi ni ya mdomo na maandishi. Kwa mfumo wa Uingereza, maneno ya mdomo humtaka mdai aonyeshe hasara halisi ya mali, isipokuwa tuhuma zenyewe ni nzito kwa asili yake, kama kumwita mtu mhalifu wa kosa la kifungo au kumdhalilisha katika kazi yake. Maandishi hayana sharti hilo kwa kiasi hicho, japo Uingereza yenyewe, tangu sheria yake ya mwaka 2013, humtaka mdai aonyeshe kwamba amepata au anaelekea kupata madhara makubwa ya jina. Basi kusanya hasara hata kama unadhani huihitaji. Mama ni mshonaji. Katika wiki mbili wateja watatu walichukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Mmoja aliandika: "Naomba uniache kwanza mpaka mambo yatulie." Ujumbe ule wa maneno machache ulikuwa na thamani kuliko machozi yetu yote, kwa sababu una tarehe, na tarehe yake ni siku mbili baada ya klipu.

Njia ya jinai

Kuna nchi ambazo kumchafua marehemu ni kosa hata kama hakuna aliye hai aliyetajwa. Ujerumani, kifungu cha 189 cha kanuni ya adhabu kinaadhibu kudhalilisha kumbukumbu ya marehemu kwa kifungo kisichozidi miaka 2 au faini, na ndugu ndio wanaopeleka malalamiko. India, maneno juu ya marehemu huwa kashfa ya jinai yakiwa yangemharibia jina kama angekuwa hai na yalikusudiwa kuwaumiza ndugu zake wa karibu. Sharti hilo lilikuwa kwenye kifungu cha 499 cha kanuni ya zamani na limebaki kwenye kanuni mpya iliyoanza kutumika Julai 2024. Ufilipino wanataja moja kwa moja kuitia weusi kumbukumbu ya aliyekufa. Japani huadhibu pale tu ambapo yaliyosemwa ni uongo. Ufaransa, chini ya sheria ya vyombo vya habari ya 1881, lazima msemaji awe alikusudia kugusa heshima ya mwenza au warithi walio hai.

Usisome kifungu kwenye kitabu ukadhani umemaliza. Kanuni ya adhabu ya Kenya, kifungu cha 195, inasema haijalishi kama anayesemwa yu hai au amekufa. Lakini kifungu cha 194, kinacholifanya jambo lenyewe kuwa kosa, Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba Februari 2017. Mtu akienda kituoni na kifungu cha 195 mkononi, atarudi mikono mitupu. Swali la kumuuliza wakili ni hili: kosa hili bado lipo, na ni nani mwenye haki ya kulalamika?

Vitisho ni jambo jingine kabisa. Kama uzushi umefuatana na kutishiwa, kufuatwafuatwa au kuvamiwa nyumbani, nenda polisi leo, na useme habari ya vitisho kwanza. Hilo halitegemei sheria ya kashfa.

Jikague kabla hujamwandikia

Sehemu hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Ukweli ni utetezi mkubwa kuliko wote. Kama lililosemwa ni kweli kwa sehemu yake kubwa, utakuwa umemlipa wakili ili aibu isomwe mahakamani. Kwa hiyo kabla ya barua yoyote, tafuta ukweli kama vile wewe ndiye wakili wa upande wa pili.

Tuliomba vitabu vya ushirika kwa maandishi. Mimi na mdogo wangu tulikaa na mhasibu siku mbili, stakabadhi upande huu, taarifa za benki upande ule. Mwandiko wa baba ulikuwa mdogo na wa kulala, kila namba 7 ina mkato katikati. Kwenye mwezi mmoja nilipata stakabadhi za tarehe 28 ambazo benki ilizipokea tarehe 3. Kanuni za ushirika zilitaka pesa ziwekwe ndani ya siku tatu za kazi. Alikuwa amechelewa. Pesa zote zilikuwapo, hakuna hata senti iliyopungua, lakini alikuwa amechelewa, na mimi mwanawe nilikaa nikiutazama ule mwandiko nisijue niseme nini. Nilimwambia wakili jioni ileile. Alinijibu: "Hilo liseme wewe kabla hajalisema yeye." Tukaliandika kwenye maelezo yetu, na taarifa ya benki tukaiambatisha.

Juu ya kile "alikunywa kitu," tulikuwa na cheti cha kifo na taarifa ya daktari. Ziombe mapema, kwa njia rasmi, kupitia ndugu anayetambulika kisheria. Usipeleke karatasi za hospitali kwenye makundi ya simu ili kumjibu mzushi. Utakuwa umemvua baba yako siri aliyoilinda akiwa hai.

Jua pia kwamba kuna maneno yaliyokingwa. Ushahidi uliotolewa mahakamani hauwezi kushtakiwa kama kashfa hata ukiuma namna gani, na taarifa iliyopelekwa polisi au kwa mkaguzi kwa nia njema ina kinga kubwa. Kadhalika maoni ya kweli ya mtu. "Sikuupenda uongozi wake" si kashfa.

Barua

Kesi nyingi za namna hii huishia kwenye barua nzuri. Iwe fupi. Inukuu maneno yenyewe, itaje tarehe na mahali yalipotolewa, iseme ni nani aliye hai ambaye yalimlenga na kwa nini ni ya uongo, kisha iseme unataka nini na kwa muda gani. Hii ndiyo sehemu ya kati ya barua yetu, kama ilivyotoka:

"Maneno 'na mkewe anajua zilipo' yalimaanisha, na yalieleweka na wanakundi kumaanisha, kwamba mteja wetu anaficha fedha zilizoibwa. Hiyo ni tuhuma ya uhalifu na ni ya uongo. Mteja wetu anakutaka, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii: kufuta ujumbe huo; kutuma marekebisho kwa sauti yako katika kundi lilelile, kwa maneno tutakayokubaliana; na kuahidi kwa maandishi kutorudia."

Baba hatajwi humo kabisa. Mdogo wangu alikasirika aliposoma. Nilimwomba asubiri.

Usiandike "nipe pesa la sivyo nakupeleka polisi." Kumtishia mtu kwa jinai ili akulipe kunaweza kugeuka kosa lako. Na usimtume kijana yeyote wa nyumbani kuipeleka. Ipelekwe kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa.

Milango mingine

Msimamizi wa mirathi ana nguvu ambazo mtoto au mjane peke yake hana. Mtu anayetangaza kwamba marehemu alikuwa na deni lake, msimamizi anaweza kumtaka alete dai kwa maandishi na uthibitisho kwenye mirathi. Wengi hunyamaza hapo. Ukiwa na hati ya usimamizi, unaweza pia kuomba vitabu, taarifa za benki na nyaraka ambazo vinginevyo utazungushwa. Na kama uongo umeua biashara aliyoiacha, katika nchi zenye mfumo wa Uingereza kuna shauri la uongo wa hila. Hilo halilindi jina, linalinda mali. Lazima uthibitishe kwamba maneno ni ya uongo, yalisemwa kwa nia mbaya, na yameleta, au yalielekea kuleta, hasara ya fedha.

Kama siri ya ugonjwa imevujishwa na mhudumu wa afya, lalamika kwa chombo kinachosimamia taaluma yake. Kiapo cha madaktari cha Geneva, kilichopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1948 na kufanyiwa marekebisho tangu hapo, kinamtaka daktari atunze siri za mgonjwa hata baada ya mgonjwa kufa. Usitegemee sana sheria za ulinzi wa taarifa binafsi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, yenyewe inasema haiwahusu marehemu, ingawa inaziachia nchi wanachama kujitungia kanuni zao.

Picha na barua zina njia ambayo wachache huiona. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa haki za watunzi, hakimiliki hudumu angalau miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi kwa kazi nyingi, na warithi ndio wenyewe. Mtu akichapisha barua za marehemu ili kumdhalilisha, unaweza kumtaka aziondoe kwa msingi wa hakimiliki. Kwa picha angalia vizuri, kwani mwenye haki kwa kawaida ni aliyepiga, si aliyepigwa. Kama dada yako ndiye aliyepiga ile picha wanayoichezea, yeye ndiye alalamike.

Gazeti au redio ikikosea, anza na mhariri, kwa maandishi, ukidai masahihisho. Halafu baraza la habari kama lipo. Mitandao ya kijamii ina fomu za kuripoti, na akaunti ya marehemu kwenye Facebook inaweza kuwekwa kuwa ya ukumbusho ili mtu mwingine asiingie na kuandika kwa jina lake.

Muda na gharama

Mlango wa kashfa hufungwa mapema kuliko karibu madai yote. Uingereza ni mwaka 1. Kenya ni miezi 12. Ufaransa ni miezi 3. Malalamiko ya ndugu Ujerumani ni miezi 3 tangu kujua kosa na aliyelitenda, Japani miezi 6 tangu kumjua mkosaji. Maombolezo hula miezi bila wewe kujua. Mteja mmoja alifika ofisini kwetu na ushahidi uliopangwa vizuri kuliko wetu, lakini muda ulikuwa umeshapita kwa wiki mbili. Nilimtengenezea chai nikakaa naye, sikuwa na kingine cha kumpa.

Gharama nazo zipime kwa uaminifu. Anayeshindwa mara nyingi hulipa gharama za mwenzake. Kesi pia hutangaza: walioisikia klipu kwenye kundi walikuwa 212, wakati hukumu inaweza kusomwa na yeyote. Na zuio la dharura la kumfunga mtu mdomo kabla ya kesi kusikilizwa mahakama hulitoa kwa shida sana, hasa msemaji akisema yuko tayari kuthibitisha ukweli wa maneno yake.

Siku ya 11 tangu barua ipokelewe, mke wa yule bwana alimpigia shangazi. Tulikutana ofisini, mama wakili akiwa katikati, kwa muda wa saa mbili na nusu. Hapo nikamwonyesha mdogo wangu nilichokuwa namwomba asubiri. Mahakama isingeweza kumwamuru yule bwana amsafishe baba, kwa kuwa baba hana kesi. Lakini watu wanaopatana wanaweza kukubaliana lolote lililo halali. Tuliomba marekebisho yamtaje mama kwanza, kisha baba, na yaseme kwamba vitabu vimekaguliwa na fedha zote zimeonekana. Tulikubali pia sentensi moja juu ya ule ucheleweshaji, kwa sababu ni kweli. Alisaini kurasa zote nne. Kuna kifungu kwamba akirudia, tutadai kwa kuvunja makubaliano, ambalo ni dai la mkataba na lina ukomo wake mwenyewe, mrefu zaidi.

Marekebisho yalitumwa kwenye kundi lilelile saa moja jioni. Ni ya sekunde 44. Mama aliyasikiliza mara moja, akanirudishia simu, akaendelea kupinda ukingo wa sketi aliyokuwa anashona. Nakala ya makubaliano nimeiweka pamoja na hati ya usimamizi wa mirathi, na klipu zote mbili ziko kwenye flashi moja, ya kwanza ikiwa haijakatwa hata sekunde.